Mfanyakazi Akianza Dawa za Sonona: Mambo ya Kuangalia



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za mishahara, viatu vya kazi na mashine zisizo na kinga. Leo tunaandika habari za ugonjwa usioonekana kwa macho, na dawa zake. Tumeamua hivyo kwa sababu katika matawi yetu ya Uganda, tangu viwanda vya sukari vya upande wa Busoga hadi kwa madereva wa malori pale Malaba, wanachama wanatuuliza maswali yale yale. Je, vidonge hivi vya kliniki ya akili vina hatari? Je, nikivimeza nitafukuzwa kazi? Je, nitakuwa mtumwa wa dawa maisha yangu yote?

Sisi si waganga. Wengi wetu tuliishia darasa la saba. Haya tunayoandika tumeyapata kwa kuwauliza wauguzi na madaktari, na kwa kukaa na wenzetu walioyapitia. Neno la daktari wako ndilo kubwa kuliko la gazeti hili.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, tukiri kosa letu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiendesha winchi ya kushushia miwa katika kiwanda kimoja. Alikuwa mtu wa kazi, hana maneno mengi. Mwaka mmoja alibadilika. Alikonda, alichelewa kazini, saa ya chai alikaa peke yake. Alisema yeye ni mzigo tu kwa watu. Nyapara akamwandikia barua ya onyo. Barua ilipofika kwenye tawi tulimwita, tukamwambia ajikaze kiume, tukatia sahihi kwamba ameonywa. Tukaendelea na mambo mengine.

Shemeji yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyempeleka hospitali. Akapewa vidonge vya amitriptilini, ameze usiku. Hakumwambia mtu kazini kwa sababu ya aibu. Wiki ile alikuwa zamu ya usiku. Karatasi imesema usiku, naye akameza saa moja jioni, akapanda kwenye winchi saa mbili. Ilipofika saa tano kichwa kilikuwa kizito kama gunia la mchanga. Mzigo wa miwa uliyumba ukapita karibu na kichwa cha kijana aliyekuwa chini. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Lakini yeye aliogopa, akasema dawa hizi zitaniulia mtu, na siku ya tisa akazitupa chooni.

Siku chache baadaye alimpa kaka yake redio na baiskeli, akamwambia shemeji awatunze watoto. Shemeji hakungoja kupambazuke. Alikuja kugonga mlango wa katibu wa tawi usiku ule ule. Tulikodi pikapu tukampeleka hospitali. Yu hai, na leo yuko kazini. Ameturuhusu kuandika habari hii bila jina lake, ili mwingine asipite njia ile.

Tulipokaa naye baadaye tuliona makosa matatu. Hakuna aliyemwuliza kuhusu zamu zake. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa inachukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi yake. Na sisi wa chama tulikuwa na masikio lakini hatukusikia.

SONONA NI UGONJWA GANI?

Kila mtu huhuzunika akifiwa au akikosa kazi. Sonona ni zaidi ya hapo. Ni huzuni nzito, au kukosa hamu ya kitu chochote, inayokaa karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Pamoja nayo huja kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kukaza fikra, kujilaumu, na wakati mwingine mawazo ya kufa. Waganda wana neno okwekyawa, maana yake kujichukia. Neno hilo linaeleza vizuri.

Ugonjwa ukiwa mwepesi, mara nyingi daktari hataanza na vidonge. Ukiwa mkali, hata mtu hawezi kufanya kazi wala kula, vidonge husaidia wengi. Dawa hizi si za jana. Daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza habari za dawa ya kwanza ya aina hii, imipramini, mwaka 1957. Hapa kwetu hospitali za serikali hutumia zaidi aina mbili, amitriptilini na fluoksetini. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

KABLA YA KIDONGE CHA KWANZA

Mgonjwa wa sonona husahau na huchoka kusema. Kwa hiyo nenda na mtu unayemwamini, na uwe na karatasi. Mwambie daktari mambo haya, hata asipokuuliza:

1. Magonjwa mengine. Moyo, kifafa, presha ya macho, kisukari, ini, na kwa wazee shida ya mkojo. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo huenda asifae kupewa amitriptilini. Wenye kifafa nao wanahitaji uangalifu. Daktari anaweza pia kupima damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi huweza kufanana na sonona.

2. Wakati wa furaha isiyo na kiasi. Kama umewahi kukaa siku nyingi bila kulala na huchoki, unasema mbio, unatapanya fedha na kujiona mkubwa kuliko watu wote, sema. Kama jambo hilo limo katika ukoo wenu, sema pia. Huo huweza kuwa ugonjwa wa aina nyingine, na dawa ya sonona peke yake huweza kuuwasha upya.

3. Dawa nyingine zote. Hapa wafanyakazi wengi huponzwa. Tunajua kwamba wabeba mizigo na madereva hununua tramado dukani ili wasisikie maumivu. Tramado pamoja na dawa za sonona huweza kuleta kifafa, na huweza kuleta hali ya hatari ya homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini vikitumiwa pamoja na fluoksetini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Na ukiugua malaria, mwambie anayekutibu kwamba unameza amitriptilini, kwa sababu dawa ya malaria yenye lumefantrini huweza kugongana nayo. Taja dawa za kifua kikuu, za virusi vya UKIMWI, na za miti shamba. Usione haya.

4. Pombe. Waragi na vidonge hivi havikai chungu kimoja. Pombe huongeza usingizi, huzidisha sonona, na humfanya mtu atende lile ambalo akiwa mzima wa kichwa asingelitenda.

5. Mimba na kunyonyesha. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme mapema, daktari apime faida na hatari. Kama amekwisha anza dawa, asiiache ghafla kwa hofu. Aende kwanza kuuliza.

6. Mawazo ya kufa. Hili ndilo gumu kusema kuliko yote, na ndilo la lazima kuliko yote. Daktari akijua, atakupa dawa za siku chache badala ya mwezi mzima, na atataka kukuona mapema.

7. Kazi yako na zamu zako. Mwambie unaendesha nini, unapanda wapi, unalala saa ngapi. Katika karatasi za amitriptilini, usiku maana yake ni kabla ya kulala. Mtu wa zamu ya usiku hulala asubuhi. Mwache daktari apange saa, usijipangie.

WIKI ZA KWANZA NDIZO ZA KUKESHA

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni hili: taabu za dawa huja kwanza, faida huja baadaye. Ni kama shamba jipya. Jasho la kulima unaliona leo, mahindi bado. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 mtu aone nafuu ya kweli. Anayetupa vidonge siku ya tisa, kama mwenzetu, amelipa gharama akakimbia kabla ya mavuno.

Amitriptilini huleta usingizi, kinywa kukauka, choo kigumu, macho kuona ukungu, na kizunguzungu mtu anaposimama kwa haraka. Kwa hiyo amka polepole: kaa kwanza kitandani, halafu simama. Kunywa maji. Fluoksetini mara nyingi humezwa asubuhi, kwa kuwa huweza kufukuza usingizi. Huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuharisha, na kutotulia. Dawa hizi huweza pia kupunguza nguvu na hamu ya unyumba. Wanaume wengi huacha dawa kwa sababu hiyo bila kumwambia mtu. Ndugu, mwambie daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Taabu nyingi kati ya hizi hupungua baada ya wiki moja au mbili.

Lakini kuna hatari moja ambayo jamaa wote wa nyumbani waijue. Katika wiki za kwanza, na kila kipimo kinapobadilishwa, mgonjwa huweza kupata nguvu za mwili kabla huzuni haijaondoka. Wengine hupata wasiwasi mkali na kushindwa kutulia. Kwa vijana hatari ni kubwa zaidi. Wakuu wa dawa wa Marekani walitoa onyo mwaka 2004 kwamba dawa hizi huweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 wakalipanua onyo hilo hadi kwa vijana wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake ni kwamba asiachwe peke yake, na aonwe na mganga mara kwa mara.

NANI ASHIKE VIDONGE?

Tumeulizwa kama ni kumdharau mtu mzima kumshikia dawa. Tunajibu: fundi wa umeme akipanda juu ya nguzo, mwenzake hubaki chini akilinda swichi. Hakuna anayesema amedharauliwa. Amitriptilini ikizidi kipimo hudhuru moyo na huua. Kwa hiyo kwa wakati wa hatari, mke, mume, dada au mtu mwingine wa kuaminiwa ashike vidonge, afungie, atoe cha siku ile tu. Watoto wasivifikie. Dawa za shambani na kamba nazo ziondolewe karibu.

Usimgawie jirani. Vidonge hivyo hivyo vya amitriptilini hupewa watu wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa kipimo kingine. Dawa ya mwenzio si dawa yako.

NENDA HOSPITALI MARA MOJA

Usingoje siku ya kliniki ukiona moja la haya:

– Mgonjwa anazungumza habari za kufa, anaaga watu, anagawa mali zake bila sababu.
– Hatulii kabisa, anazungukazunguka, hapati usingizi usiku baada ya usiku.
– Ana homa, anatetemeka, misuli imekakamaa, amechanganyikiwa.
– Ameanguka na kuzimia, au moyo unadunda ovyo.
– Ameshikwa na kifafa.
– Hawezi kukojoa.
– Ametoka vipele mwili mzima, au uso umevimba.
– Amegeuka mwenye furaha na nguvu za ajabu, halali wala hachoki.
– Amemeza vidonge kupita kipimo, hata kama anaonekana mzima.

Mwenye mawazo ya kufa asiachwe peke yake hata kwa dakika chache. Wala usiogope kumwuliza waziwazi, "Ndugu, je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi wazo. Mwenzetu wa winchi alituambia kwamba aliwangoja watu wamwulize, wala hakuna aliyeuliza.

Kliniki za akili zipo katika hospitali za rufaa za mikoa, na hospitali kuu ya taifa ni Butabika, Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955. Usiku wa hatari usitafute bingwa. Nenda hospitali iliyo karibu.

KAZINI

Kwa wiki mbili za kwanza, na baada ya kila mabadiliko ya kipimo, mfanyakazi asiendeshe gari, winchi, msumeno wala boila, na asipande juu, mpaka ajue dawa inamfanyaje na daktari akubali. Huo ni ulinzi wake na wa aliye chini yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa mfanyakazi kadiri inavyowezekana, nayo inamtaka mfanyakazi ajitunze asimdhuru mwenziwe.

Je, lazima nimtajie nyapara ugonjwa wangu? Tunavyofanya katika tawi ni hivi. Tunamwomba mwanachama amwombe daktari barua fupi, isemayo kwamba kwa wiki kadhaa asifanye kazi ya mashine, ya juu wala ya zamu ya usiku. Mwakilishi wa wafanyakazi huipeleka ofisini na kudai kazi nyepesi ya muda. Mara nyingi hilo hutosha. Habari nyingine ni siri ya mgonjwa, na mwakilishi anayeichukua kwenda nayo kilabuni hafai kuwa mwakilishi.

Kama hawezi kazi kabisa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa haki. Aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja au zaidi, akiugua, hulipwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini ni lazima amjulishe mwajiri mapema, na akitakiwa atoe cheti cha daktari. Angalieni: ugonjwa ukizidi miezi miwili, sheria hiyo inamruhusu mwajiri kuvunja mkataba. Kwa hiyo kuficha na kutoroka kazini ni kujiumiza. Someni pia mapatano ya pamoja ya kiwanda chenu, kwa kuwa mengine yanatoa muda mrefu zaidi. Mambo haya mwakilishi ayajue kabla mtu hajaugua.

USIACHE GHAFLA

Mtu akipata nafuu husema, nimepona, vidonge vya nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya kupata nafuu. Wakati wa kuacha ukifika, kipimo hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi. Anayekata ghafla huweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, ndoto mbaya, na ugonjwa huweza kurudi. Hizi si dawa za ulevi. Mtu hazitamani kama pombe, wala hahitaji kuongeza kila siku ili azihisi. Lakini mwili umezizoea, nao hutaka kuachishwa taratibu kama mtoto anavyoachishwa ziwa.

Usingoje kidonge cha mwisho. Katika hospitali za serikali ada ziliondolewa mwaka 2001, lakini wote tunajua kwamba dawa huweza kukosekana siku unayofika. Rudi ukiwa bado na za wiki moja. Dereva anayekwenda Juba au Goma achukue za kutosha safari nzima, na karatasi yake aiweke pamoja na leseni.

VIDONGE PEKE YAKE HAVITOSHI

Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya Masaka na Rakai. Wagonjwa wa sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa. Walizungumza habari za misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, katika kila wagonjwa 100 wa vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa kama 7 tu. Katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi, walibaki kama 55. Hapakuwa na vidonge katika kazi ile. Kwa mwenye ugonjwa mkali, dawa na mazungumzo huenda pamoja, kama miguu miwili.

Sisi wa chama tunajua kazi ya kikundi kuliko watu wengi. Tumekaa chini ya miembe tukajadili mishahara hadi usiku. Kwa hiyo tunayaomba matawi mambo matatu. Kila tawi lichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wajue kliniki iko wapi na siku zake. Mwanachama akianza dawa, mmoja amtembelee kila wiki kwa wiki 6 za kwanza, hata kama ni kunywa chai tu. Na barua ya onyo ikija juu ya mtu aliyekuwa mfanyakazi mwema, tawi lisitie sahihi kabla ya kumwuliza faraghani, "Ndugu yetu, unalala? Unakula? Kuna nini?"

Mwenzetu wa winchi alimeza dawa zake kwa muda aliopangiwa, akaachishwa polepole na daktari. Redio na baiskeli kaka yake alimrudishia. Ile barua ya onyo tuliomba iondolewe katika faili lake, ikaondolewa. Sahihi yetu ilikuwa bado ipo chini yake.

Umoja ni nguvu.